Mrija Mtupu

Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi. Tangu alfajiri yalikuwa yakianguka manyunyu mepesi, na mawingu yalikuwa mazito hata taa za maabara zikawashwa saa mbili asubuhi.

Mpimaji alikunja mwavuli wake, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la mirija. Akaihesabu. Thelathini. Jana pia ilikuwa thelathini. Adui mwerevu haibi, akawaza, huchafua.

Mashine yake ilikuwa na sumaku mbili kubwa zilizotazamana. Unga wa dawa hutiwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija ukateremshwa katikati ya sumaku, mawimbi yakapita, na kompyuta ikachora mstari. Elektroni zilizo mbilimbili hukaa kimya. Ile isiyo na mwenzake ndiyo hujitangaza, na mstari ukapanda na kushuka. Dawa iliyopigwa mionzi ili kuua vijidudu huwa nazo tele. Isiyopigwa, mstari wake hulala kama maji ya mtungi.

Lakini tangu Jumatatu haukulala. Dawa ambayo haijaona mionzi ilitoa kinundu kimoja chembamba, pale katikati, kila mara.

Na mwosha mirija alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Mwaka jana binti wa shemeji aliomba kazi hii ya upimaji, akaikosa. Aliyeipata ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Shemeji mwenyewe aliingia na karai.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama. Hii mirija unaiosha kwa kitu gani siku hizi?"

"Kwa yaleyale. Asidi, maji, halafu tanuri. Au umesikia naiosha kwa machozi?"

Siku nyingine angemjibu kwamba machozi yake yana mafuta mno. Leo alitazama vidole vya shemeji tu, akiona jinsi vilivyoshika karai bila haraka, kama vya mtu asiye na la kuficha. Hilo nalo likamtia shaka.

Jana jioni mpimaji alikuwa amemweleza mkuu wa maabara shaka yake. Mkuu alivua miwani. "Nitamwita kesho saa nne. Kama ni kweli, hamalizi siku hapa." Shemeji alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi, na miezi minane tu kabla ya kustaafu. Mpimaji hakulala vizuri. Alfajiri alipiga magoti akamwomba Mungu amfichue mwovu. Hakuomba aonyeshwe ukweli. Alidhani ni kitu kimoja.

Sasa alihitaji ushahidi. Alitoa mrija mpya kwenye boksi ambalo halijafunguliwa, ambao mkono wa shemeji haujaugusa. Akaubandika kikaratasi chini, akaandika namba kwa penseli, maana wino hufutika kwa spiriti. Hakutia kitu ndani. Akauteremsha.

Kinundu kilekile.

"Hata boksi la kiwandani kalifikia," alinong'ona. Akachunguza utepe wa boksi kwa kioo cha kukuzia. Utepe alikuwa ameukata yeye mwenyewe, dakika tano zilizopita.

Akautoa mrija, akautazama. Hewa ndani. Nje, kikaratasi na mwandiko wake.

Alikibandua, akapangusa kioo. Mstari ukalala. Akabandika karatasi tupu. Ukalala. Akaandika namba. Kinundu kikasimama.

Makaa ya penseli nayo yana elektroni zisizo na wenzake. Tangu aanze kazi alikuwa akiandika juu, mbali na sumaku. Jumatatu vilikuja vifuniko vipya, virefu, vikafunika sehemu ya juu, naye akahamishia namba chini.

Saa nne kasorobo. Angeweza kumnong'oneza mkuu kwamba yamekwisha. Lakini shemeji alikuwa amekwisha kuitwa, na mpimaji alipofika ofisini alimkuta amesimama, kofia mkononi, mbele ya mkuu na watafiti wawili.

"Haya, ushahidi," mkuu alisema.

Mpimaji aliweka karatasi tatu za mistari mezani, akaeleza yote, hadi penseli.

Shemeji aliziangalia moja moja. "Kwa hiyo mchafu ni penseli."

"Mchafu ni mimi, shemeji."

"Nilijua tu. Siku tatu unanitazama mikono kama daktari wa ukurutu." Hakucheka. "Nyumbani umemwambia nani?"

"Mume wangu."

"Mdogo wangu." Akaigeuza kofia. "Ndiyo maana jana hakupokea simu yangu."

Mtafiti mmoja akainamisha kichwa. Mpimaji alisimama wima, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:

"Mkuu, na ninyi wawili, mnishuhudie, na Mungu ananisikia. Sitamtaja mtu tena kwa ubaya kabla sijapima mrija mtupu kwa mkono wangu. Na leo jioni, shemeji, wewe ukiwa umeketi nasi, nitamwambia mdogo wako kwamba nilikusingizia."