Makosa Tisa ya Wifi

Fundi wa kola alimchukia wifi yake tangu siku ya harusi, na chuki hiyo aliilea kama mwana wa pekee. Sasa msimamizi wa karakana ya sare alikuwa anastaafu, na tajiri alisema Ijumaa mafundi wenyewe wanyooshe mikono wamchague mwingine. Waliokitaka kiti ni wawili tu: yeye na wifi.

Jumatatu akabandika karatasi mbili karibu na meza ya pasi. Moja ilieleza utumishi wake wa miaka kumi na minane, ukurasa mzima, mistari imebanana kama mshono wa gunia. Nyingine ilikuwa fupi, ina namba pembeni: Makosa Tisa ya Wifi. Hakuitia sahihi, lakini nani mwingine pale angemwita wifi?

Barua ya utumishi ilisomwa na nzi. Kwenye makosa watu walijazana hata pasi ikaunguza sketi tatu, asinuse mtu.

"La nne, 'anaazima mkasi, anarudisha shukrani.' Huyo ni mimi mtupu!" alicheka fundi wa vifungo.

"La sita ndilo kiboko! 'Akicheka, nyuzi zinakatika.' Lingekaa la kwanza," akadakia mwingine.

"La kwanza usiliguse! Kulala umesimama ni kipaji, dada."

Fundi wa kola akafoka, "Na barua yangu je?"

"Tutaisoma tukipata likizo, mama," akajibu mpiga pasi. "Hii ukishaanza moja, jicho halitulii mpaka tisa. Na njiani unajitafuta, umo namba ngapi."

Alhamisi walikuja kuinakili orodha hiyo hata mafundi wa viatu wa mtaa wa pili. Wifi alipita kifua mbele.

"Ahsante, wifi. Ningejisifu mwenyewe wangenizomea."

"Mwanaharamu mkubwa!"

"La kumi hilo? Liongeze."

Ijumaa, fundi wa kola alipata mkono mmoja, wake. Wifi alipata ishirini na miwili, na mpiga pasi alinyoosha yote miwili.

"Mnamchagua mvivu?" fundi wa kola alipiga kelele.

"Huyu tunamjua mpaka uvunguni," akasema fundi wa vifungo. "Wewe nani anakujua?"

Wifi akapokea funguo, akazitikisa.

"Cherehani yako ihamie mlangoni pa choo. Leo hii."

Fundi wa kola akamtazama kwa jicho la kuchuna ngozi. Akasonya, sonyo ndefu hata madirisha yakalia. Kisha akainama, akaanza kuisukuma cherehani.