Tableti ya Kuongea kwa Mikono

Janice alipopata kazi ya unesi Lodwar, baba yake Musau aliwatangazia wenzake kiwandani siku hiyo hiyo. Lakini alipomwona binti yake akikunja nguo na kuzitia kwenye begi, moyo wake ulishtuka. Nani sasa angemsemea Kavindu?

Kavindu, mkewe, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Janice alikua akiongea naye kwa mikono, kwa kasi ambayo Musau hakuwahi kuifikia. Yeye alijua ishara za kuendesha nyumba tu: kula, njoo, maji, lala, kesho. Jambo likizidi hapo, alikuwa akimwita Janice, na Janice anatafsiri. Ndivyo walivyoishi pale mtaani Kamenu miaka yote.

"Nunueni tableti," Janice alisema siku ya kuondoka. "Simu ya mama ni ndogo sana. Nataka kumwona vizuri."

Maluki, mwenzake kiwandani anayeishi Mwiki, alimwelekeza Musau kwa duka moja mjini Ruiru. Alienda peke yake. Muuzaji, msichana mchangamfu aliyeitwa Nekoye, aliweka tableti mbili juu ya kaunta.

"Inategemea ni ya kufanyia nini, baba."

"Ya kuongea na msichana wangu tu. WhatsApp."

"Kama ni hivyo, hii ya bei ya chini itakutosha. Hii nyingine kamera yake ni kali na haikwami-kwami, lakini bei yake iko juu."

Musau aliishika ile ya bei ghali, akaihisi ilivyo nyembamba, akairudisha pole pole kama chombo cha mtu mwingine. Akalipia ile nyingine.

Jumapili, baada ya kanisa, Kavindu alikaa mbele ya tableti hata kabla ya kuvua kilemba. Alikuwa na mengi. Mikono yake iliruka, uso ukibadilika kila mara. Upande wa pili, Janice alisogea karibu na simu yake, akakunja uso.

"Baba, mwambie mama arudie. Vidole vyake naviona kama moshi."

Musau akamwonyesha: tena. Kavindu akarudia. Picha ikakwama mkono wake ukiwa hewani. Wakahamia karibu na dirisha, wakahamia nje kabisa, wakaongeza bando. Wapi. Mara ya nne, Kavindu aliacha kusimulia. Akainua kidole gumba, akatabasamu, akampa Musau tableti.

Musau alilijua tabasamu hilo. Ndilo alilowapa watu kanisani waliomsemesha huku wamegeuka upande.

Ikawa hivyo kila wakipiga. Kidole gumba, tabasamu, kisha tableti kwa Musau. Yeye na Janice walipiga gumzo kwa midomo bila shida yoyote, na wepesi huo ndio uliomchoma. Alikuwa amenunua kitu cha kumfaa yeye mwenyewe.

Jumamosi moja alimshika Kavindu mkono, wakaenda Ruiru pamoja. Nekoye aliikagua ile tableti, akasema duka litaipokea, ila thamani yake itapungua kidogo kwa kuwa imetumika, na wao waongezee pesa wachukue ile ghali. Kavindu alipoona bei iliyobandikwa kwenye ile ghali, alirudi nyuma. Akachora duara kubwa hewani kwa mikono miwili, kisha akaonyesha maji yakimiminika. Tangi. Walikuwa wamepanga kununua tangi, maana bomba la ploti yao hukauka mara kwa mara.

Musau akampigia Janice kwa ile tableti ghali ya kujaribia. "Mwambie mama yako tangi litangoja."

"Baba, si yuko hapo mbele yako? Mwambie."

"Sijui kusema hivyo."

"Anza tu. Ataelewa."

Musau aliangalia kushoto na kulia. Wateja wawili walikuwa wakichagua chaja. Akachora tangi hewani. Akaonyesha kesho, halafu kesho nyingine, halafu nyingine tena. Akajigusa kifua. Kisha akajipinda kama aliyebeba mitungi miwili mizito, akatembea hivyo kutoka kaunta hadi mlangoni na kurudi, akihema.

Kavindu alicheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, kisichojua kujipunguza, na duka zima likageuka. Akapangusa macho, akaigeukia tableti, akaanza kuongea. Janice hakusogea karibu, wala hakukunja uso. Alijibu papo hapo. Vidole vya wote wawili vilionekana kimoja kimoja.

"Kumbe ni lugha ya ishara!" Nekoye alisema. "Si ungeniambia tangu mwanzo, baba?"

"Sikujua ni kitu cha kuambia mtu wa duka," Musau alijibu.

Jioni hiyo, nyumbani, mbele ya tableti mpya, Kavindu alimwaga yote aliyokuwa ameyaweka moyoni. Musau alikaa kando yake akitazama, akishika neno hapa, neno pale. Kulikuwa na ishara moja iliyorudi mara nyingi: Kavindu alipangusa nyusi zake kwa vidole viwili, halafu akaendelea.

"Janice, hiyo ya nyusi ni nini?"

"Ni wewe, baba. Ndilo jina lako."

"Jina langu?"

"Anasema siku mlipojuana ulikuwa unatoka kwa kinu cha unga, nyusi zote nyeupe. Amekuita hivyo tangu hapo."

"Mbona hajawahi kuniita?"

"Mtu akiwa mbele yako unamgusa tu bega. Jina ni la kukutaja kwa wengine."

Miaka yote Musau alikuwa na jina ndani ya nyumba yake, na hakulijua.

"Na yeye? Jina lake ni lipi?"

"Muulize."

Musau akamgusa mkewe bega. Kavindu alipogeuka, Musau akamwonyesha kwa kidole: wewe. Kisha akafungua viganja vyake vitupu na kusubiri. Kavindu akaweka tableti juu ya meza, akavuta kiti karibu, akamshika vidole na kuvipanga vilitaje jina lake, kimoja baada ya kingine.