Sanduku la Marehemu na Rilei ya Injinia

"Mjane na bisibisi wapi na wapi?" jirani alimuuliza siku moja, amejishika kiuno mlangoni. Mjane alitabasamu tu. Kwa miaka kumi na mmoja alimshikia marehemu mumewe tochi akitengeneza redio, na macho yake hayakuwa yamefumbwa.

Sasa mdogo wa marehemu, aliyejipachika jina la Injinia, alikuwa amefika na mkokoteni kabisa, na mchukuzi wake. Alitaka sanduku la vifaa vya kaka yake.

"Shemeji, vifaa vinataka mwanamume anayevijua. Hapa vinaota kutu tu."

"Navipaka mafuta kila Ijumaa," alisema mjane. "Lakini haya. Mashine yangu ya kutotolesha mayai imekufa rilei, ile swichi inayowasha na kuzima balbu. Weka mpya. Ikifanya kazi, beba sanduku."

Injinia alicheka mpaka akakohoa. Rilei! Kidude cha bluu kama kipande cha sabuni, miguu mitano! Akatazama picha kwenye simu, akachomelea miguu kwa risasi ya kuungia waya, ikatapakaa kama uji uliomwagika. Mita ya kupimia umeme ilikuwa pale pale mezani. Hakuigusa, mita ni ya wanafunzi, alisema.

Wakawasha. Rilei ikalia tak. Balbu za kupasha mayai zikabaki giza.

"Balbu zako mbovu," Injinia alisema, akaanza kuvuta sanduku.

"Ngoja, mtaalamu."

Mjane akachomoa kipima joto cha mashine, akakichovya kwenye kikombe cha maji ya moto. Tak! Balbu zote nne zikawaka.

"Hongera! Penye baridi inazima, penye joto inawasha. Hayo mayai tunayaangua au tunayachemsha?"

Mchukuzi akaziba mdomo kwa kofia yake.

Mjane akachomoa waya ukutani. Akatoa rilei nyingine kwenye droo, akaigeuza miguu juu.

"Picha yako imechorwa hivi, ikitazamwa kwa chini. Wewe umeiunga kama unaitazama mgongoni, kulia kumekuwa kushoto." Akagusisha mita. "Hii miwili inasoma ohm mia nne, ndiyo koili, waya uliosokotwa unaovuta swichi. Wa katikati yao unapokea umeme wa balbu. Upande wa pili imebaki miwili. Huu, mita inalia pii ukiugusisha na wa katikati hali rilei imelala, haijapata umeme. Ndio uliouunga. Balbu zinataka mwenzake. Ni miguu mitano tu, baba, hata vidole vya mkono mmoja vinatosha."

"Kaka ndiye aliyekufundisha," Injinia alinung'unika.

"Alitufundisha wote wawili. Mmoja alikuwa anaangalia."

Mjane akahamisha waya, akarudisha kipima joto ndani ya mashine, akawasha. Tak. Balbu zikawaka, na kipima joto kikaanza kupanda taratibu. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akamwomba msamaha kwa jinsi alivyofurahi.

"Bosi," mchukuzi aliuliza, "sasa tunabeba nini?"

Injinia akaachia mpini wa sanduku, akaingiza miguu kwenye viatu vyake mlangoni bila kufunga kamba, akatoka.