Chazo wa Gharibu

Kila asubuhi, akishawasha moto na kabla ya kufagia uwanja, Mwanalima alishuka ufuoni mwa kisiwa cha Kudhaa kumlisha chazo wa mumewe, Gharibu. Samaki huyo aliishi kwenye kidimbwi cha mawe, kamba imefungwa mkiani. Ndiye aliyewapa chakula. Gharibu alikuwa akimwachia baharini, naye kwa kile kibandiko cha kichwani hung'ang'ania mgongo wa kasa, kisha kamba inavutwa na kasa anakuja. Haachii mpaka bwana wake mwenyewe amwambie kwa upole. Chazo hatukanwi, na Mwanalima alimwamkia kabla ya kumpa dagaa.

Gharibu mwenyewe alikuwa kifungoni Kismayo. Serikali ilikuwa ikichukua wanaume wa visiwani kwa zamu, wakabebe mawe ya gati bila ujira, na wengine walirudi wakiwa hawanyooki tena. Siku moja, kwenye baraza la msikiti, Gharibu aliweka chini kikombe chake cha kahawa akasema, "Kufanyishwa kazi ya bure kwa nguvu ndio utumwa, na utumwa wao wenyewe wameupiga marufuku. Basi mimi siendi." Waliomsikia walikuwa majirani watupu, watu wa kuombana chumvi. Juma halikwisha, askari wakaja na maneno yale yale, hakuna hata moja lililodondoka njiani.

Mwanalima alipanda mashua akaenda bomani. Karani alimkaribisha vizuri, akampa na kiti.

"Aliyeyaleta maneno akirudi kusema hakusikia sawasawa, mumeo atatoka leo leo," akamwambia. "Asiporudi, sisi hatuna la kufanya."

"Ni nani?"

"Hiyo ni siri ya serikali, bibi."

Akarudi Kudhaa, akawaendea wanaume wa baraza mmoja mmoja. Wote waliapa. Mahmudi, ndugu yake wa tumbo moja, ndiye aliyeapa mwanzo, tena kiapo kirefu, na akalia pamoja naye mpaka Mwanalima ikawa yeye ndiye wa kumbembeleza.

Basi asubuhi ya pili alimfungua chazo, akamwambia, "Nenda kanitafutie aliyemuuza bwana wako."

Chazo aliipa bahari mgongo. Akapanda mchangani, akashika njia ya msikitini, kamba ikimfuata, na Mwanalima akawa anailegeza kama alivyomwona mumewe akifanya. Wanawake waliokuwa wakitwanga walisogeza vinu kamba isinase.

"Chazo wa Gharibu huyo," akasema Mwanaharusi, jirani yake. "Na jua hili, aenda wapi maskini?"

Samaki alipita nyumba moja baada ya nyingine, akakata kona kisimani, akaingia nyumba ambayo Mwanalima alizaliwa. Kamba ikakaza. Mwanalima akavuta, akausikia ule uzito ambao mumewe alikuwa akimsimulia, uzito wa kitu kisichotaka kuja. Mahmudi akatoka kinyumenyume, tonge la wali mkononi, chazo amemganda katikati ya mabega.

"Ni wewe?"

"Nitoe kwanza huyu samaki."

"Mahmudi, ni wewe?"

Akamaliza tonge lake. "Sikumsingizia mchu mimi. Nimesema aliyoyasema. Kwani hakuyasema? Na zamu yangu ya mawe ilikuwa imefika, nawe wajua mgongo wangu."

"Basi nenda bomani useme hukusikia sawasawa."

"Nikisema hivyo nitafungwa mimi."

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni, leso mdomoni. "Mtoe nduguyo samaki, mwanangu," akasema. "Wachu watutazama." Ya karani Mwanalima alikuwa ameyameza, lakini hili la mama lilikataa kushuka.

Walijaribu kumbandua kwa mafuta, kwa maji ya moto na kwa kisomo. Mwenye kuweza kumwambia aachie alikuwa kifungoni.

Wavuvi wengine wenye machazo waliyafunika madimbwi yao kwa mawe makubwa. Mmoja alikuja kwa Mwanalima na kikapu cha papa mkavu, akamwomba kwa adabu asimfunze samaki mwingine mambo hayo, maana mji ni mdogo na watu wanaoana. Serikali nayo ilipopata habari ilimfanya Mahmudi mzee wa kisiwa, kwa kuwa sasa anajulikana. Akashonewa kanzu yenye tundu mgongoni. Barazani walimwachia nafasi ya kukaa ubavu, na zamu za mawe akawa anazigawa yeye.

Chazo alitaka maji ya bahari asikauke. Shamsa, mkewe Mahmudi, alimmwagia, samaki akanyauka vile vile. Kwa Mwanalima tu ndipo alipopata nafuu. Kwa hiyo kila asubuhi alikwenda na kata na ndoo. Watu walisema ana moyo mweupe. Hakuwa nao, alikuwa na chuki iliyomkosesha ladha ya chakula. Ila aliona kwamba samaki akifa akadondoka, mgongo wa Mahmudi utakuwa mgongo kama wa mtu yeyote.

Mwaka ulipogeuka, Omar, baharia wa pale kisiwani, alipata ruhusa ya kumwona Gharibu. Askari aliyejua Kiswahili alisimama katikati yao, na neno moja la mambo ya nani-kasema-nini lilikuwa na viboko vyake. Gharibu, amekonda, akauliza chazo wake yuko kwa nani.

"Yuko kwa shemeji yako Mahmudi," akasema Omar, akimtazama askari. "Hawaachani."

Gharibu akacheka, akafuta macho. Akatuma salamu.

Salamu ikishatumwa haina budi kufikishwa. Mwanalima aliipokea kwa Omar, akaenda nayo pamoja na ndoo yake, akasimama nyuma ya ndugu yake kama kawaida.

"Gharibu akusalimu," akasema. "Akushukuru kwa kumtunzia chazo wake. Asema alijua tangu zamani kwamba wewe ni mchu wa kweli."



"Alaika wa alaihi salamu," akajibu Mahmudi. Kisha akainamisha bega. "Mwaga mai na huku kushoto, pamekauka."

Mwanalima akamwaga.