Nusu ya Akazehe

Jeska anapenda vitu viwili: muziki, na mambo ya watu. Hilo la pili wenye shule wanaliita anthropolojia. Unakaa na watu, unawauliza kwa nini wanafanya wanayoyafanya, unaandika. Kwetu Muyinga mjini hiyo kazi iko na jina tayari, inaitwa umbea, lakini Jeska anataka kuusomea mpaka apewe diploma.

Tulimaliza sekondari pamoja. Mi nilibaki dukani kwa baba, napima vitenge. Yeye alirudi Giteranyi kulima na mama yake, na kila akipata rezo kwenye simu anaandikia vyuo. Viwili vikamjibu: tunakutaka, ila tutumie sauti yako ukiimba. Peke yako, sauti ya mtu mwingine isisikike.

"Shafii, njoo na telefoni yako," akaniambia. "Yangu inakoroma."

Nikapanda baiskeli, nikafika na miguu ambayo si yangu tena. Kumbe anataka kuimba akazehe. Kwa asiyeijua: ni salamu ya wanawake, inaimbwa na wawili. Mmoja anarusha, mwingine anapokea, na sauti zinapishana kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Siku zote mama yake, Martha, ndiye anayerusha. Jeska anapokea. Wameimba hivyo tangu wako kambi ya wakimbizi Tanzania, Jeska bado mdogo, ananing'inia kwenye kanga ya mama.

"Sasa utaimbaje peke yako?" nikauliza.

"Nitaimba upande wangu."

"Nusu? We unauza shati la mkono mmoja?"

"Wamesema peke yangu. Shika simu, funga mdomo."

Mama Martha akakaa mbele yake, akarusha bila sauti. Midomo tu. Inafunguka, inafunga, na kila ikifunga Jeska anapokea. Mi nilijiuma ulimi mpaka machozi yakanitoka. Tukatuma hivyo hivyo, na mapengo yake.

Siku ya vyuo ilikuwa Gitega, kwenye ukumbi wa parokia. Kila chuo kilileta mtu wake na meza yake. Mzee Nazario, katekista anayesimamia ufadhili, hakumzungusha Jeska. "Binti, ufadhili ni wa chuo kimoja. Unachagua leo, na ukishatia sahihi hakuna kurudi nyuma." Jeska akaniomba nimsindikize. Nilivaa shati langu la Idi.

Meza ya kwanza alikaa Bwana Godfrey. Tai shingoni, pipi kwenye sahani, picha za chuo chake: piano nyeusi inang'aa, na bwawa la kuogelea. Mi nilishachagua palepale.

"Sauti yako ilitufurahisha sana," akamwambia Jeska. "Rezo ya kwenu ni mbaya, ilikuwa inakatika-katika. Lakini usijali, fundi wetu ameisafisha."

Akabonyeza. Ikatoka akazehe isiyo na pengo hata moja. Jeska anapokea, anapokea, anapokea, kama mtu anayekana mashtaka kabla hajaulizwa kitu.

"Ya kisasa kabisa," Bwana Godfrey akasema, anatikisa kichwa.

Jeska alikuwa ameinamisha sikio kama kuku aliyesikia kitu kwenye majani. "Nikija kwenu, nitasoma muziki na anthropolojia pamoja?"

"Mwaka wa kwanza unaonja vyote. Baadaye unachagua kimoja."

"Na hii iko upande gani? Ni muziki, au ni mambo ya watu?"

"Hii?" Bwana Godfrey akafikiri kidogo. "Tumeshaisafisha. Sasa ni muziki."

Jeska akashukuru. Mi nikachukua pipi, tukahamia meza ya pili.

Hapo alikaa Madamu Ursula, bila pipi, bila picha. Nikamnong'oneza Jeska, "Hapa hata maji ya kunywa sioni, sembuse ya kuogelea." Akanikanyaga.

Madamu alikuwa na sauti ileile, haijaguswa. Akatusikilizisha. Pengo la kwanza lilipofika akainua kidole.

"Hapa. Unamsubiri nani?"

"Mama."

"Anasema nini?"

Jeska akanigeukia mimi, eti mi ndiye ninayejua.

"Sijui, Madamu," akasema taratibu. "Miaka yote nimekuwa nasubiri zamu yangu. Yeye sijawahi kumsikiliza."

"Mi pia sijui," Madamu akasema. "Kwetu hatukuambii uchague muziki ao watu. Unaleta jambo usilolijua, unalifuata mpaka litakapoishia. Ila nakuambia mapema: piano yetu iko moja, na ni kibogoyo."

Jeska akatoka mbio mpaka uani, mi nyuma yake. Mlangoni Mzee Nazario alikuwa na karatasi yake. "Binti, vipi?" "Kidogo tu, Mzee." Jeska akachukua telefoni yangu, akampigia mama yake, akaifungulia sauti.

"Mama, nirushie."

"Sasa hivi? Niko shambani, nimeshika jembe!"

"Nirushie tu."

Mama Martha akarusha. Jeska akafumba macho, kimya. Ile sauti ikasitasita, ikakatika.

"Jeska? Umekufa?"

"Nasikiliza, Mama. Usiache."

"Nani anamrushia mtu aliyenyamaza? Majirani watasema tumekosana."

"Nikijibu, sikusikii."

"Na mimi usipojibu, haitoki."

Nikamwona Jeska anafumbua macho. Hayakuwa ya mtu aliyekwama. Yalikuwa yale ya darasani, siku mwalimu anaandika hesabu ambayo hata yeye imemshinda.

"Basi atapokea Shafii."

"Mi? Mi mwanaume! Na sina hata mbuzi wa kuulizwa hali yake!"

"Umeisikia mara ngapi? Pokea."

Kule shambani Mama Martha alicheka mpaka nikasikia jembe linaanguka. Halafu akarusha. Nikapokea. Sauti iliyonitoka, afadhali nisiieleze. Watu wakaanza kutoka ukumbini. Bwana Godfrey alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Jeska alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye telefoni. "Anauliza kama mmelala salama... hapana, kama kulikucha salama... Mama, rudia hapo! Shafii, usiache!"

Mzee Nazario akatufikia na karatasi. Jeska hakuinua kichwa, alinyoosha mkono tu kuelekea meza ya Madamu Ursula.

"Pale, Mzee. Andika pale."

"Una hakika? Wenzao wana piano nzima."

"Mzee, tafadhali, nasikiliza."

Akatia sahihi bila kuiangalia karatasi. Na Mama Martha hakuwa na haraka ya kumaliza. Alikuwa ameshaanza kuniuliza habari za mke wangu, mi ambaye sina mke, na ikabidi niimbe kwamba hajambo, anakusalimia.