Mstari wa Arubaini na Moja

Neno lililomchoma Ummkulthum lilikuwa "ujuzi". Suhail alilitamka wiki ileile aliyohamishiwa ofisi ya Madungu, Pemba, kutoka Unguja, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayetaja kitu alichokinunua dukani. Alisema msaidizi wake wa akili mnemba, yule wa kuandika na kurekebisha programu, yeye mwenyewe keshampa ujuzi wa kusaka hitilafu. Ummkulthum akaomba auone. Lilikuwa faili la maandishi analolisoma msaidizi kabla ya kazi, mistari arubaini. Soma kwanza kumbukumbu za makosa. Usiguse kitu mpaka umelifanya kosa lijirudie mbele yako. Badilisha jambo moja tu, kisha pima.

Yeye kuyajua hayo kulimchukua miaka sita.

Miaka hiyo sita aliitumia kuutunza peke yake mfumo wa tiketi wa boti za Mkoani. Sasa Bi Mwanakhamis, mkuu wa ofisi, alikuwa ametangaza kwamba Alkhamisi atateua msimamizi wa mfumo huo. Mwezi uliopita kusingekuwa na la kutangaza.

Ummkulthum hakuwa mtu wa kujidanganya. Kwa wiki mbili Suhail na msaidizi wake walikuwa wamemaliza hitilafu kumi na tisa, yeye, nne. Alizipitia zote kumi na tisa akitafuta kasoro, na kila alipoikosa alizidi kununa. Wenzake wakamtania kwamba kaletewa mke mwenza, tena asiyekula wala kulala. Alicheka nao, kisha akarudi kukagua.

Jumanne asubuhi Mmanga, karani wa bandarini Mkoani, alipiga simu. Abiria mmoja ana tiketi mkononi lakini kwenye orodha ya safari hayumo.

"Bi Ummu, mzee nnamwona kwa macho yangu, kanikalia hapa mbele kavimba. Mtambo wenu wasema hayupo."

"Anaitwa nani?"

"Hija Khatib Hija. Asafiri na mwanawe, Khatib Hija Khatib. Huyo mwana yumo."

Alimwambia amwandike mzee kwa mkono, na kabla hajaiweka simu chini alikuwa ameshajua. Wiki iliyopita msaidizi wa Suhail aliandika sehemu ya kuwafuta abiria walioingizwa mara mbili. Kwa kuwa makarani hupindua majina, ililinganisha maneno ya jina bila kujali lipi limetangulia wala lipi limejirudia. Baba alikuwa na Hija na Khatib. Mwana alikuwa na Khatib na Hija. Tiketi zote mbili zilikatwa kwa simu moja. Kwa mashine, huyo alikuwa mtu mmoja. Kwao Ummkulthum, kijijini Ole, ambako mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, nyumba yenye watu wawili wa namna hiyo si ya kutafuta. Kaka yake mwenyewe na marehemu baba yao walikuwa hivyo. Na sehemu hiyo yeye aliikagua mara mbili, akaipitisha.

Aliripoti malalamiko ya Mmanga, chanzo akakificha. Suhail alimpa msaidizi wake kazi ya kuitafuta hitilafu. Msaidizi akabuni abiria mia mbili wa kujaribia, kila mmoja na majina matatu tofauti, akajibu kwamba mfumo ni mzima. Ummkulthum alisikiliza vidole vya Suhail vikigonga kwa hasira, na raha aliyoiona haikuwa ndogo. Siku mbili tu za kunyamaza, Alkhamisi ifike, basi.

Karibu na Alasiri, Suhail aligeuza kiti. Alisema kakwama, na kama Bi Ummu ana fikira yoyote amsaidie.

Neno "sijui" lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini kesho boti inaondoka tena, na orodha ile ndiyo itakayosomwa boti ikipatwa na jambo. Asiyekuwemo hatatafutwa. Hilo halikutegemea nani atateuliwa Alkhamisi.

"Nipishe," alisema.

Akakaa kwenye kiti cha Suhail, akalifungua lile faili, akaandika mstari wa arubaini na moja: *Pemba mtoto hupewa jina la babu yake. Mpangilio wa majina na marudio yake ndiyo mtu mwenyewe, usiyapuuze.* Msaidizi aliusoma, akabuni baba na mwana, akaliona kosa, akalirekebisha. Kisha, bila kuombwa, akaonyesha jozi nyengine tatu zilizofutiwa mtu mmoja wiki ile. Dakika nne. Ummkulthum alitamani ichukue angalau saa.

Suhail aliandika kwenye ripoti mstari ule ni wa nani. Alkhamisi Bi Mwanakhamis alimteua Ummkulthum, akampongeza mbele ya wote, halafu akampa kazi yake ya kwanza.

"Yote unayoyajua, mwandikie msaidizi humo failini."

Alirudi mezani, akaandika mstari wa arubaini na mbili. Wa arubaini na tatu alikuwa nao kichwani, mzima, neno kwa neno. Aliuacha humo humo, akainuka, akaenda kwanza kunywa chai.