Kichwa cha Cherehani Kinasafiri

"Kitendawili!" alisema Mama Pindo, mkono kiunoni, macho yake kwenye cherehani.

"Tega," mumewe akajibu huku akiendelea kupiga kiatu brashi.

"Kizito kama mbuzi, lakini kinavunjika kama yai."

"Wewe ukinuna."

"Mzee huna adabu! Ni hii hapa."

Watu wakiona cherehani nyeusi ya chuma hudhani ukiiangusha itaumia sakafu. Mama Pindo, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu pindo zake hazifumuki, alijua vingine. Chuma kile ni cha kumimina, hakijui kupinda. Kikitua vibaya, shingo inakatika, na shingo ya cherehani haina daktari.

Na sasa ilitakiwa isafiri hadi mji mwingine kwa mjukuu wake. Msichana alikuwa amemaliza kujifunza kushona, akampata mama mmoja mwenye kibaraza sokoni aliyekubali kumpa nafasi kwa sharti moja: Jumatatu aje na cherehani yake mwenyewe, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine aliyekuwa akiizungukia kama nzi. Bibi mwenyewe tundu la sindano alikuwa akilitafuta kwa kupapasa. Akakata shauri: cherehani imfuate mwenye macho.

"Tuitie kwenye buti la basi," mumewe alishauri. "Kesho imefika."

"Kama kile kioo?"

Mzee akarudi kwenye kiatu chake. Kioo walichompelekea dada yake kwa basi kilifika kikiwa changarawe, na wifi mtu hajaacha kukitaja kila ukoo unapokutana.

Ijumaa asubuhi Mama Pindo akaenda ofisi ya vifurushi na boksi alilopewa na jirani, boksi la televisheni, aulizie kwanza bila cherehani. Ndani alikuwa ametia mito miwili ya kitandani. Dada wa kaunta akalizungusha futi ya utepe, akatikisa kichwa.

"Bibi, hapa utalipia mito."

"Mito haina uzito, mwanangu."

"Haina, ila inakula nafasi kwenye lori. Tunapima uzito, tunapima na ukubwa, tunatoza kile kilichozidi. Tafuta boksi dogo, gumu, ulijaze mpaka kitu kisicheze. Na uwahi. Lori la kesho mchana ndilo la mwisho kabla ya Jumatatu."

Mama Pindo alirudi na boksi lake kichwani, uso ameukunja, lakini ndani ya uso ule mipango ilikuwa inakimbizana.

Alianza na bisibisi. Akakitoa kichwa cha cherehani mezani, meza na miguu ya chuma akaviacha pale pale. "Miguu ataikuta huko huko, imejaa kwa wauza vyuma," alisema. "Kichwa ndicho cherehani."

"Hata kwa watu," mzee akasema. "Ingawa wapo waliobaki na miguu tu."

"Wewe shika hapa, acha maneno."

Akachomoa sindano. Akatoa kibobini cha uzi wa chini. Akashusha mguu wa kukandamizia juu ya kitambaa kilichokunjwa, akafunga gurudumu kwa kamba lisizunguke njiani. Kisha akafungua gunia la vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, akaanza kukivisha kichwa kile: kwanza shingo, halafu tumbo, halafu kila pembe. Alipomaliza kilikuwa kimenona kama mtoto aliyevikwa nguo za baridi. Akakitia kwenye boksi dogo, akashindilia, akalitikisa kwa mikono miwili, sikio limebanwa juu yake.

"Linasema nini?" mzee akauliza.

"Limenyamaza. Ndiyo ninavyotaka."

Jumamosi wakaazima toroli la seremala. Mzee akasukuma, Mama Pindo akatembea pembeni, mkono mmoja juu ya boksi, akikemea kila shimo la barabarani. Wakafika mapema. Dada wa kaunta akaliinua boksi kuliweka kwenye mizani, akasita, akatazama viganja vyake. Vilikuwa vinang'aa.

"Bibi, hiki kinavuja."

"Kinavuja nini? Ni chuma!"

Halafu akakumbuka. Jana, kabla ya kuigusa kwa bisibisi, aliitilia mafuta kila tundu, kama fundi yeyote afanyavyo cherehani inapokwenda kupumzika. Mkono ulitenda wenyewe, akili haikuulizwa. Na mzee naye alikuwa amelilaza boksi ubavu kwenye toroli.

"Siwezi kulipokea," dada alisema kwa huruma. "Likichafua mizigo ya watu, kazi yangu imekwisha."

"Lori linaondoka saa ngapi?"

"Wanapakia sasa hivi, Bibi."

"Twende nyumbani," mzee akanong'ona. "Tutampigia tumweleze."

"Nenda wewe." Mama Pindo alishakaa chini, katikati ya sakafu ya ofisi, akiichana karatasi ya gundi kwa meno. "Mwanangu, nipe mfuko wa nailoni na boksi kavu. Nitalipia. Na nyie mlio kwenye foleni, mnisamehe, nipiteni tu."

Akakivua kichwa nguo zake zote. Vipande vilivyolowa akavitupa upande. Akakiinamisha, mafuta yakachuruzika. Akafuta, akaingiza kidole penye kona, akafuta tena, mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Mzee akapiga magoti akashikilia shingo kwa mikono miwili, mara hii bila utani. Wakakivisha nailoni, wakakifunga kwa vipande vikavu, wakakiweka kwenye boksi jipya. Akalitikisa.

Likasema, *gudu*.

Vipande vilikuwa vimepungua. Mama Pindo akavua sweta lake, akalisokomeza ubavuni, akatikisa tena. Kimya.

"Bibi, utatembea na baridi hii bila sweta?" dada aliuliza.

"Ninarudi bila cherehani, mwanangu. Sweta ni nini?"

Dada akacheka, akalipima, akabandika karatasi nyekundu ya kuonya kila upande, kisha akalibeba mwenyewe hadi kwenye lori.

Jumatatu asubuhi simu ikaita.

"Bibi, nimelichukua, niko nalo hapa kibarazani. Kona moja imebonyea."

"Sikukuuliza kona. Fungua."

Akasikia boksi likichanwa, vitambaa vikivutwa. Akasimama katikati ya chumba, simu ameibana sikioni.

"Shingo ni nzima, Bibi. Gurudumu linazunguka. Mwenye kibaraza ameshanionyesha miguu ya kuazima."

"Yuko hapo?"

"Yuko hapa, ananitazama."

"Basi kata simu. Weka sindano, umwonyeshe pindo."

Na simu ikakatika.